Kabla ya vifaranga, banda
Na Asha Mbelwa

Jumapili nilikuta kuku 11 wamelala uani kwa shangazi, Muheza, na aliyeliwa hasa ni mmoja. Wengine shingo zimetobolewa, manyoya yametapakaa hadi mlangoni pa jiko. Majirani walishasema ni mkono wa mtu. Nikainama nyuma ya banda. Wavu ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi yangu, na kwenye ncha ya waya zimenasa nywele fupi za kijivu. Kanu.

Kanu akiingia kwa kuku wanaopapatika gizani haachi kuua kwa kuwa ameshiba. Na kuku usiku haoni vizuri. Hana pa kukimbilia.

Shangazi huwachanja kuku wake mdondo kila miezi 3, tone moja jichoni, hakosi. Hao ndio madaftari ya wajukuu na nauli ya hospitali. Inauma kuwaokoa na ugonjwa kisha kuwapoteza kwa tundu la waya.

Mjomba alitaka kutia sumu kwenye mizoga. Nilimkatalia mbele ya watu. Atakayekufa ni mbwa wa jirani, na fungo anayetupunguzia panya shambani. Kanu mwenyewe hula panya zaidi kuliko kuku. Ukimuua huyu, tundu bado liko wazi kwa mwingine.

Wavu wa matundu mapana humzuia kuku kutoka, haumzuii mnyama kuingia. Tafuta wenye matundu yasiyopitisha kidole gumba. Ni ghali, najua. Basi uweke madirishani tu, kwingine piga mabanzi yaliyobanana. Banda linyanyuliwe juu ya nguzo, kimo cha kiuno, kila nguzo ivishwe bati kuukuu ili kucha ziteleze, na ngazi iondolewe kila jioni. Lililo chini lizungushiwe mawe yaliyofukiwa, maana nyegere huchimba. Siafu nao wasisahauliwe: kuku anayeatamia hawezi kuwakimbia, atauliwa juu ya mayai yake.

Vikundi vya akina mama vikipata mkopo, vingi hukimbilia vifaranga. Ningekuwa mweka hazina, shilingi ya kwanza ingenunua mbao, wavu na komeo.

Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, mjukuu wa shangazi aliwahesabu waliobaki. Mmoja hakuwepo. Tukamwona juu ya mlimau, ameshajikunyata. Mtoto akavua ndala, akapanda kumchukua.