Kushangaa Ndege Sio Ushamba, Ushamba Ni Kuposti Usichokijua

Kila mtaa wa Kasulu una dogo mmoja wa hivi. Ngurumo ikianza kusikika, anaacha mpira, anatoka uwanjani, shingo kairudisha nyuma utadhani anakinga mvua kwa mdomo. Ndege ikishapotea mawinguni anarudi na jibu lake: "Ile ni Antonov, ina pangaboi mbili." Wenzake mbavu hawana. Wanamwita mshamba, wanamuuliza kama rubani amempungia mkono.

Halafu kuna jamaa mwingine, yeye ni wa mtandaoni. Huyu akiona kitu angani anarekodi sekunde nane za klipu inayotetemeka, anaandika "NDEGE YA KIVITA YAPITA KIBONDO, KUNA NINI MPAKANI???" na moto tatu pembeni. Saa moja baadaye imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp, ya familia mpaka ya kwaya. Ukimuuliza ni ndege gani, hajui. Ilikuwa inaelekea wapi, hajui pia. Ila laiki anazo, kwa hiyo yeye ndiye mjanja.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo.

Kibondo na Kasulu sio Masaki, wadau. Ni wilaya za mpakani na Burundi. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, ilianza kwa kupokea Wakongo. Nduta, kule Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika. Kwa hiyo hiyo klipu haiishii kwa washkaji wa Sinza wanaocheka na kupita. Inafika pia kwenye simu ya mama aliyekimbia mapigano Kivu. Yeye akisoma "ndege ya kivita" hafikirii kiki. Anafikiria watoto wako wapi na afunge mzigo upi kwanza. Mtu anatafuta watazamaji, mwenzake anakosa usingizi.

Na mara nyingi kilichopita wala sio cha kutisha. Ndege nyingi za kijeshi za kizamani kazi yake ni kubeba mizigo. Chukua Hercules. Iliruka mara ya kwanza 1954, mpaka leo bado inaundwa, na mwaka 1994 zilikuwa zinatua Goma na misaada ya wakimbizi wa Rwanda. Antonov 26, ya Wasovieti, iliruka mara ya kwanza 1969. Ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, lakini mashariki ya Congo watu wameizoea kama lori la angani, maana barabara zenyewe ndio zile.

Sasa mcheki yule dogo anavyofanya, maana hakisii. Anaanza na mabawa: yamekaa juu ya mwili wa ndege au chini? Anahesabu injini. Hercules ina pangaboi nne, mabawa juu, tumbo nene. Dakota, ile ya Vita vya Pili vya Dunia ambayo baadaye ilibeba abiria wa East African Airways, ina injini mbili na mabawa chini. Mwisho anaangalia mkia. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga, kwa sababu Bombardier ya Air Tanzania nayo ina mabawa juu na pangaboi mbili kama Antonov. Tofauti ni kwamba Bombardier ni nyembamba, ndefu, na kibawa cha mkia kimekaa juu kabisa kama herufi T. Cha Antonov kiko chini, usawa wa mwili. Yaani kuna watu wanaweza kuposti "ndege ya kivita" kumbe ndani kuna abiria wanakula karanga.

Kama unaona hayo ni mambo ya kitoto, rudi 1978. Mwanzoni mwa Vita vya Kagera, walinzi wa anga wa Tanzania pale Musoma waliona ndege zinakuja wakadhani ni za Amin. Walizitungua tatu. Zilikuwa zetu. Hao walikuwa wanajeshi waliofunzwa, na bado hofu ikawazidi. Sasa mtu mwenye bando la siku moja anapata wapi uhakika wa sekunde nane?

Mkoa wa Kigoma wenyewe una historia ya ndege za vita kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini upande wa Congo, zikavuka Ziwa Tanganyika na kuipiga mabomu bandari ya Kigoma. Shabaha yao kubwa ilikuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Julai mwaka huohuo Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe. Waingereza wakaja kuiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Meli ni hiyohiyo, na Mei 2015 ilikuwa inawatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga na kuwapeleka Kigoma, ambako walipandishwa mabasi kwenda Nyarugusu. Anayejua stori hii haiti kila mlio wa angani "kiki". Anajua watu wa huku wana sababu ya kuinua macho.

Kinachochekesha zaidi ni ubaguzi wenyewe. Uingereza watu wanakata tiketi kwenda Duxford kutazama ndege za vita za zamani zikiruka, na wanaonekana watu wa maana. Mwaka 2016 wazungu walirusha ndege za mtindo wa miaka ya 1920 na 1930 kutoka Crete hadi Cape Town, wakapita Tanzania, na mitandao ikajaa "waoo". Hata hao njiani walishikiliwa Ethiopia kwa siku kadhaa, wakiambiwa wameingia bila ruhusa. Lakini mtoto wa mwisho wa reli akiinua shingo kutazama kitu kilekile, bure kabisa, anaitwa mshamba. Kwa lipi hasa?

Hakuna anayesema watu wasirekodi. Rekodi, ila usikimbilie kuandika. Hesabu injini, tazama mabawa na mkia, na kama hujajua andika "ndege imepita" basi, inatosha. Kambi na vifaa vya jeshi achana navyo kabisa. Na kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa wanaosambaza taarifa za uongo, na haijali una wafuasi wangapi.

Yule dogo naye mwacheni atazame. Kama kuna mjomba mwenye simu nzuri, amwoneshe picha za ndege badala ya kumcheka. Siku klipu ya "vita imefika Kibondo" ikitua kwenye grupu la mtaa saa tano usiku, yeye ndiye atakayewaambia watu warudi kulala.

Wewe kwenu ndege ikipita mnafanyaje? Na umeshawahi kusambaza klipu halafu ikaja kujulikana ilikuwa Bombardier? Funguka hapo chini, hakuna wa kukucheka.