Telefone ya koperative ikijaa, usianze na mesaji za franga

Telefone ya koperative inajaaka siku ya soko. Shu ziko tayari kando ya barabara pale Mudaka, mnunuzi wa Bukavu anataka foto ya mizani, sekretere anafungua kamera, na kioo kinamwandikia kwa Kifaransa kwamba nafasi imekwisha. Watu wamesimama, dereva anapiga honi, na sekretere anaanza kufuta haraka haraka. Anafuta nini? Karibu kila mara ni kitu kile kile: anafungua mesaji za M-Pesa na za Airtel Money, anazitosha zote, alafu anashangaa kuona kamera bado inakataa.

Wandugu wanamemba, mimi ni agronome, si fundi wa telefone. Lakini hili jambo limeingia katika kazi yangu kama vile panya wanavyoingia katika depo, na ninataka kusema wazi maoni yangu: telefone iliyonunuliwa na franga za wanamemba ni depo ya koperative. Mtu mmoja peke yake, tena akiwa na haraka, hana haki ya kuchagua kitu cha kutupa humo ndani.

Tuanze na hizo mesaji. Mesaji ya malipo ni maandishi matupu. Mesaji elfu moja za namna hiyo hazifiki uzito wa foto moja ya kamera, sababu foto moja inakula mega tatu, ine, saa ingine zaidi. Video ya dakika moja inaweza kupita mega sitini. Kwa hiyo mtu anayefuta mesaji ili apate nafasi ni kama mtu anayetosha punje za maharagi katika depo, huku magunia ya mchanga yamejaa mpaka mlangoni.

Najua desturi hii ilitoka wapi. Wakati wa zile Nokia ndogo, telefone ilishika mesaji chache tu. Zikijaa, mpya haikuingia mpaka ufute ya zamani. Wakati ule kufuta mesaji kulikuwa na maana. Telefone ilibadilika, mkono wetu haukubadilika.

Na kosa hilo leo ni la bei kali kuliko zamani. Tangu mabenki ya Bukavu yalipofunga milango mwezi wa pili 2025, feza nyingi za wakulima zinapita katika telefone. Ile mesaji ndiyo karatasi yetu ya malipo: iko na tarehe, saa, kiasi, jina la aliyetuma, na namba ya muamala. Ukienda kulalamika kwa ajenti, kitu cha kwanza atakuuliza ni ile namba. Kama huna, utamwambia nini?

Katika koperative moja ya upande huu, sitaitaja jina, mama mmoja alileta maharagi kilo 85. Mnunuzi alisema alishalipa yote. Sekretere alisema ilikuja nusu tu. Kaye ya depo ilikuwa imelowa mvua, ile kurasa haisomeki. Mesaji ilikuwa imefutwa siku tatu mbele, juu ya kupata nafasi ya kupiga foto. Walikaa mikutano miwili bila kumaliza neno. Hakuna aliyeweza kusema kwamba sekretere aliiba, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuiba. Mama yule leo anauza peke yake barabarani, kwa bei ya barabarani, na watoto wa sekretere wanasikia maneno shuleni. Yote hayo kwa mesaji ambayo haikuwa na uzito hata wa jani la sombe.

Basi nini inajaza telefone? Mara nyingi ni WhatsApp. Sekretere yuko katika grupu ya koperative, ya kanisa, ya familia, ya waliosoma pamoja, na ya watu ambao hata hajui nani alimwingiza. Kila grupu inaleta video za salamu za asubuhi, za vichekesho, za wahubiri, za vita. Telefone inaziteremsha zenyewe, inakula mega za internet ulizonunua, alafu inakula nafasi ya ndani. Umelipa mara mbili kwa kitu ambacho hukukiomba. Kuhusu video za vita nitasema neno moja tu: zifuteni zote, na mapema, kwa sababu ambazo kila mtu anayesafiri kati ya Kavumu na Bukavu anazijua bila mimi kuziandika.

Namna ya kufuta si ngumu. Ndani ya WhatsApp ingia "Paramètres", alafu "Stockage et données", alafu "Gérer le stockage". Hapo utaona kwa macho yako nani anakula nafasi. WhatsApp yenyewe inapanga video na foto zenye kupita mega tano mahali pamoja, na zile zilizotumwa tumwa mara nyingi mahali pengine. Anza na hizo. Nimeona telefone ya giga kumi na sita ikipata nafasi ya kutosha kwa dakika kumi, bila kugusa foto hata moja ya shamba. Ukitoka hapo, rudi nyuma kidogo pale "Stockage et données", tafuta sehemu ya kuteremsha media, na uondoe alama zote. Kuanzia siku hiyo video itakuja ikiwa imefungwa, na wewe ndiye utakayechagua kuifungua.

Kitu kingine: ukifuta foto katika galeri, mara nyingi haitoki palepale. Inakwenda katika "Corbeille" na inakaa huko wiki nyingi, ikiendelea kula nafasi. Watu wengi wanafuta, hawaoni mabadiliko, wanarudi kufuta vitu vya maana. Tupa takataka ya "Corbeille" kwanza. Lakini uiangalie mbele ya kuitupa, sababu ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kurudisha foto uliyofuta kwa makosa.

Sasa foto za shamba, ambazo ni kazi yangu. Hapa pia tuko na magunia ya mchanga. Mtu anakuta muhogo mgonjwa, anapiga foto thelathini za jani moja. Mimi ninahitaji chache tu. Kwa muhogo: mti mzima, majani machanga ya juu ambako mozaiki inaonekana, majani ya zamani ya chini, na muhogo wenyewe uliokatwa kati, sababu ugonjwa wa michirizi ya kahawia unajificha chini ya udongo wakati juu kila kitu kinaonekana kizuri. Kwa mgomba unaonyauka: shina lililokatwa, kama linatoa maji ya manjano, na ndizi iliyopasuliwa. Kwa muhindi: moyo wa mmea ambapo kiwavi kinalala. Foto tatu au ine zilizo wazi zinasema kuliko thelathini zenye ukungu. Zingine futa jioni ileile.

Lakini hizo tatu au ine, usizifute mpaka msimu uishe na zihamishwe. Mkulima wa mbegu anajua sababu. Mkaguzi wa SENASEM akija, foto ya shamba wakati wa maua na foto ya etiketi ya mbegu mama zinasaidia kuonyesha kilichopandwa na wakati gani. Na mimi nikilinganisha msimu A wa Septemba na msimu B wa Februari katika shamba lilelile, ninaona kama ugonjwa unapanda kilima au unashuka. Kichwa cha mtu hakishiki hayo.

Kuna pia programu yenyewe ya kutambua magonjwa, Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, hao wenye kituo Kalambo hapa hapa Kabare. Inaangalia jani la muhogo bila rezo, na kwetu ambako rezo inakwenda na kurudi hilo ni jambo kubwa. Lakini programu inayofanya kazi bila rezo inabeba akili yake yote ndani ya telefone. Telefone ikijaa vichekesho, Nuru haiingii.

Niseme na hatari moja ambayo ni mbaya kuliko zote. Mtu akiambiwa telefone imejaa, anaingia katika "Paramètres" za telefone, anachagua programu, na anakuta vifungo viwili karibu karibu. Kimoja ni "Vider le cache". Hicho hakina shida, kinatosha mabaki tu. Cha pili kinaandikwa "Effacer les données", ao maneno yenye kufanana na hayo kufuatana na aina ya telefone. Hicho kinafagia kila kitu ambacho programu ilikuwa inaweka. Vijana wetu wanaoandikisha wanamemba kwa KoboCollect wasikiguse kabisa. Fomu ulizojaza kule kilimani bila rezo ziko ndani ya telefone tu mpaka uzitume. Hilo jina Kobo lenyewe ni neno la Kiacholi, la Uganda ya kaskazini, na maana yake ni kuhamisha. Kisichohamishwa bado, ukifinya kile kifungo, kimekwisha, na utarudi kupanda Bushi yote nyumba kwa nyumba. Na zile programu zinazojisifu kwamba zitakusafishia telefone, ziache. Zinakuja na matangazo, na zenyewe zinakula nafasi.

Nitaongeza neno ambalo wenye miradi hawatalipenda sana. Kila mradi unaopita huku unaweka programu yake katika telefone ya sekretere. Mradi unaisha, gari linarudi mjini, programu inabaki. Alafu tunapokea fishi ya kurasa mbili yenye mega arobaini, sababu mtu wa biro aliweka foto nzuri na logo sita. Mkulima hali logo. Sauti ya dakika mbili katika WhatsApp, kwa Mashi ao kwa Kiswahili, haifiki mega moja, na mama asiyejua kusoma anaisikia vizuri kuliko fishi. Koperative iko na haki ya kumwambia mwenye mradi: tutumie sauti, na siku unapofunga mradi, kuja utoshe programu yako. Hata shirika lenye kutoa gazeti hili liambiwe hivyo.

Wengine watanijibu: "Agronome, telefone iko mkononi mwa sekretere, anaichaji kwa franga yake, acha aweke muziki wake." Ninaelewa. Kazi ya usekretere hailipwi vizuri, pengine hailipwi kabisa, na mtu si mashini. Kwa hiyo sisemi anyimwe. Nasema komite ikae naye saa moja kila mwisho wa mwezi, mtu wa feza awepo, na mama mmoja wa komite awepo pia. Wasome mesaji za malipo kwa sauti, wazinakili katika kaye: tarehe, jina, kiasi, namba ya muamala. Foto za msimu zihamishwe kwa kamba katika ordinateri ya biro, ao katika kle USB inayofungwa pamoja na kashe. Baada ya hapo wafute pamoja. Hiyo inamlinda sekretere mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote, sababu siku maneno yakizuka, hatakuwa peke yake.

Na kuna wanaosema tununue tu telefone kubwa. Kama kuna franga, sawa. Lakini telefone ya giga 128 yenye grupu kumi na mbili itajaa kama ile ya kwanza, itachukua tu miezi mingi zaidi. Karte memoire inasaidia kwa foto na video, ijapokuwa programu nyingi hazikubali kukaa humo. Ukiinunua sokoni, angalia vizuri: kuna karte zinazoandikwa giga 128 juu, ndani ziko na nane. Telefone itasoma 128 na haitalalamika, mpaka siku foto za zamani zinakataa kufunguka. Mbele ya kumlipa muuzaji, mwambie mtajaribu kwanza. Jaza karte na video zile zile mnazotaka kufuta, alafu fungua ya kwanza na ya mwisho. Kama zote zinacheza mpaka mwisho, mlipe. Kama muuzaji anakataa kungoja, rudisha franga mfukoni.