Mila Haina Lori

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba wizi wa ng'ombe ni mila ya wafugaji wa mpakani angepita kwanza Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, akaongea na wazee. Wanyamwezi na Wasukuma wamefuga miaka nenda, miaka rudi. Bunduki zilipozagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 na majambazi wakawa wanaswaga mifugo usiku, hawakusema "ndiyo mila". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaunda Sungusungu: likipigwa yowe, wanaume wanatoka na pinde na mishale, kijiji kinapokezana na kijiji, nyayo zinafuatwa. Asiyeitikia anatengwa, hata moto wa kuwashia jiko haombi kwa jirani. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. (Ndiyo, walipiga watuhumiwa, na waliwaonea vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Sitetei hilo.)

Atasema Tabora si mpakani. Haya, twende Karamoja, Uganda. Mwaka 1979, jeshi la Idi Amin lilipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Uvamizi wa mikuki ukawa wa risasi. Hiyo nayo ni mila? Mila tunayoijua ni ile ya Lokiriama, 1973, Waturkana wa Kenya na Wamatheniko wa Uganda walipofukia silaha na kupatana. Mapatano hayo huadhimishwa hadi leo.

Na ng'ombe wa wizi siku hizi hata mahari halipi. Anapakiwa kwenye lori, anaishia machinjioni. Mwandishi atuambie, mwenye lori ni wa kabila gani?