Mali Bila Daftari

Hapa Sitalike, Mto Katuma ungali mahali pake, na viboko wangali wamejazana karibu na daraja kama magunia yaliyosahauliwa mvuani.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuuliza. Sisemi kuuliza habari za asubuhi, bali kuuliza habari za fedha ya watu wote, kama wafanyavyo wabunge kule Dodoma wanaposimama na kumwuliza Waziri. Najua wako watakaofunua ukurasa wa pili mara moja, wakisema, "Haya ni mambo ya wakubwa." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mimi nami nilisema maneno hayo hayo, nayo yakanitia aibu.

Asubuhi moja alikuja ofisini kwangu mama mmoja mjane, akitaka nimwandikie barua. Viboko walikuwa wamepanda usiku kutoka mtoni, wakaula mpunga wake, na ule waliouacha wakaukanyaga. Alikuwa amesikia redioni mbunge mmoja akimwuliza Waziri habari ya kifuta jasho kwa watu walioharibiwa mazao na wanyama. Akaniuliza, "Mwalimu, yule aliyeuliza ameniulizia na mimi?" (Huniita Mwalimu kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu sasa ni kutunza vitabu vya parokia.)

Mimi nilikuwa na haraka, nahesabu sadaka ya Jumapili. Nikamjibu bila kuinua macho, "Mama, hayo ni mambo ya wakubwa. Wewe kapande tena." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hiyo sadaka unayoihesabu, shilingi yangu imo. Jumapili mtatusomea imepatikana kiasi gani na imetumika wapi. Basi ile ya Serikali, ambayo shilingi yangu imo pia kila ninunuapo sabuni na sukari, kwa nini nisiiulize?"

Nikaweka kalamu chini. Sikuwa na la kujibu.

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kumwuliza Waziri si utovu wa adabu. Ni kazi iliyoandikwa katika Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara ya 63 yasema kwamba Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Na katika kazi zake, ya kwanza kutajwa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Angalia, msomaji: kwa niaba ya wananchi. Mbunge aulizapo haulizi kwa udadisi wake. Anauliza kwa kinywa chako.

Desturi hii ina umri. Kule Uingereza, swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa katika Baraza la Malordi mwaka 1721, nalo lilihusu fedha. Kampuni moja kubwa, South Sea Company, ilikuwa imeanguka na kuwafilisi watu wengi, na mtunza fedha wake mkuu alikuwa ametoroka ng'ambo. Lordi mmoja, Earl Cowper, akasimama akaiuliza Serikali: Je, ni kweli kwamba mtu huyo amekamatwa? Waona basi, swali lenyewe lilizaliwa siku watu walipopoteza mali yao.

Kwetu sisi, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, lakini hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Watu walilipa kodi ya kichwa, na wa kuwaulizia inakwenda wapi hakuwapo. Mpaka mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Miaka kumi na tisa walipa kodi walikaa kimya, si kwa kupenda. Basi sisi tuliozaliwa tukakuta mlango umefunguliwa, yafaa tujue kuutumia.

Sasa, swali huendaje? Mbunge huliandika na kulipeleka mapema kwa Katibu wa Bunge, nalo hupelekwa kwenye wizara ihusikayo. Siku yake ikifika, Waziri au Naibu wake husimama na kusoma jibu lililotayarishwa. Hilo ndilo swali la msingi. Kisha mwuliza huruhusiwa maswali ya nyongeza, kwa kawaida mawili, na hapo ndipo penye utamu, maana jibu la nyongeza halikuandikwa ofisini. Tena, kwa Kanuni za Bunge za mwaka 2007, kiliwekwa kipindi cha siku ya Alhamisi cha kumwuliza Waziri Mkuu papo kwa papo, bila yeye kuyajua maswali mbele. Na yote yasemwayo huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi za Bunge.

Wako wasemao, "Maswali hayo ni maonyesho tu. Waziri atasema kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana, na mambo yamekwisha." Siwezi kukataa kwamba majibu ya namna hiyo ni mengi. Lakini kosa si la Waziri peke yake. Mara nyingi swali lenyewe lilikuwa bovu. Ukimwuliza mtu, "Una mpango gani?" atakujibu mpango. Ukimwuliza, "Zilikuja shilingi ngapi?" hapana budi ataje hesabu, ama akatae mbele ya watu kuitaja.

Hapa, msomaji, nakuomba utulie nami kidogo, maana hili ni jambo la kalamu na daftari, nami ni kazi yangu. Fedha ya umma ina safari ya vituo vinne, na kila kituo kina neno lake.

Kituo cha kwanza ni kuidhinishwa. Hapo Bunge limekaa tangu Aprili hadi Juni, likakubali kwamba kazi fulani ipewe fedha kiasi fulani katika mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Hiyo ni ruhusa. Shilingi yenyewe bado. Cha pili ni kutolewa, yaani Hazina kuzitoa kweli. Cha tatu ni kupokelewa na halmashauri au idara yenye kazi. Cha nne ni kutumika, nacho ndicho cha kuonekana kwa macho: tofali, dawa, bomba, barabara.

Nikupe mfano wa kwetu. Waumini wakiahidi mifuko 10 ya saruji, nami nikaandika 10, hiyo ni ahadi. Siku ya kujenga ikaja mifuko 4. Fundi akatumia 3, na mmoja ukaganda kwa unyevu. Sasa mtu akiniuliza, "Karani, kanisa limepata saruji kiasi gani?" nami nikajibu "kumi," sikusema uongo mtupu, maana kumi imeandikwa daftarini. Lakini nimemdanganya. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni halisimamishi ukuta.

Wenye umri wa kukumbuka wanajua. Kabla ya lami ya Sitalike hadi Mpanda, kilomita 36.9 tu, tulisikia habari za fedha ya barabara mwaka baada ya mwaka huku tukila vumbi. Aliyesikia neno "zimeidhinishwa" alifurahi. Aliyeuliza "zimetolewa?" ndiye aliyejua lini atapita pakavu.

Basi ni nani athibitishaye kama majibu ni ya kweli? Yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Kila mwaka hukagua vitabu, humpa Rais taarifa, nayo huwekwa mezani Bungeni, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Ziko na Kamati za Bunge za hesabu, moja ya Serikali Kuu na moja ya Serikali za Mitaa, ambazo huwaita wakubwa wa ofisi wajieleze kwa vitabu vyao.

Usidhani maswali haya hayana meno. Mwezi Februari 2008, baada ya Kamati Teule ya Bunge kuuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Aliyeshika nafasi yake ni Mizengo Pinda, mtu wa huku kwetu, mbunge wa Mpanda Mashariki wakati ule. Miaka minne baadaye zamu ya moto ikamfikia yeye. Aprili 2012, taarifa za Mkaguzi Mkuu ziliposomwa na kujadiliwa, wabunge walianza kukusanya sahihi za kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Kura hiyo haikupigwa, lakini mwanzoni mwa Mei Rais Jakaya Kikwete alipanga upya Baraza lake, na mawaziri 6 wakaachwa, akiwamo wa Fedha na wa Maliasili. Sisemi kwamba kila aliyeachwa alikuwa na hatia. Bunge si mahakama. Nasema kwamba daftari lilisomwa kwa sauti, na viti vikatikisika.

Nirudi kwa mama yangu na mpunga wake. Neno lenyewe, kifuta jasho, lina fundisho. Serikali imekuwa ikieleza Bungeni kwamba hiyo si fidia, yaani si bei ya mali iliyopotea, bali ni kitu cha kumpoza mtu. Akifa mtu, huitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa jamaa wa mtu aliyeuawa na mnyama. Kwa mazao ziliweka kiasi kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, tena mwisho ekari 5, na kiwango kilipungua kadiri shamba lilivyokaribia hifadhi. Wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi walivilalamikia viwango hivyo kwa miaka mingi: kwamba ni vidogo, na kwamba huchelewa.

Watu wengi wa kwetu walikuwa hawajui hata hilo. Walidhani ukilia sana utapewa zaidi. Kumbe karatasi haisikii kilio. Inasoma ekari, umbali na tarehe.

Kwa hiyo tuliandika barua upya, yeye akisema nami nikiandika. Tulitaja usiku ule ulikuwa wa tarehe gani, shamba ni la ekari ngapi, liko mbali kiasi gani, na nani walioziona nyayo asubuhi. Hatukuandika neno "tunateseka" hata mara moja. Barua ikapelekwa, nakala ikapigwa muhuri, akaifunga katika khanga yake. Kisha katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wanaume waliozoea kusema peke yao, akasimama akauliza maswali matatu: Je, madai ya namna hii kutoka kijijini kwetu ni mangapi? Yaliyofika wilayani ni mangapi? Yaliyolipwa ni mangapi?

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na orodha. Mwenyekiti, naye ni mtu mwungwana, akasema wazi, "Mama, sijui, lakini nitaiandika." Ikaandikwa katika muhtasari. Diwani akaichukua, nasi tuliomba impate mbunge, ambaye naye ni mjumbe wa baraza la halmashauri. Hiyo ndiyo njia: kijiji, kata, halmashauri, Bunge. Swali la Dodoma lisilo na hesabu za kijijini ni kama mtungi usio na maji; hata ukiupamba, mwenye kiu hatapona.

Je, mama amelipwa? Naandika leo, bado. Sitakupamba kwa habari njema ambayo haijatokea. Lakini orodha ya madai sasa ipo, ina majina na tarehe, na yeyote atakayesimama kumwuliza Waziri ataikuta tayari.

Nawe, msomaji, nakupa kazi ndogo ya juma hili. Chagua jambo moja tu la kwenu: dawa za zahanati, kisima, nyumba ya mwalimu. Usiulize, "Serikali ina mpango gani?" Uliza: mwaka gani wa fedha, ziliidhinishwa ngapi, zilitolewa ngapi, kazi imefika wapi. Uliza kwa adabu, bila matusi, maana atukanaye humpa mwenzake sababu ya kutojibu. Andika jibu, pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa. Na kama wewe mwenyewe umeshika mfuko wa watu, wa chama, wa kwaya au wa mazishi, anza kwa kuulizwa wewe. Mimi tangu siku ile huyasoma mapato na matumizi polepole zaidi, na nikimaliza hungoja kidogo, huenda yuko mwenye swali.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisiloulizwa huliwa na mchwa.

Wasalimu nyumbani. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Karani wenu,
Sitalike