Mtoto si rehani ya ada

Shule zinapofunguliwa Januari, wapo watoto wanaofika getini wakiwa na sare iliyopigwa pasi na begi mgongoni, kisha wanageuzwa. Mlinzi ana orodha mkononi. Aliyeandikwa humo haingii darasani, na mbele ya wenzake anaambiwa akamwite mzazi. Mtoto huyo hakusaini fomu ya kujiunga wala si yeye aliyepunguzwa kazini, lakini aibu yote anaibeba yeye.

Gazeti hili linasema wazi kwamba deni la ada ni la watu wazima wawili: mwenye shule na mzazi. Mtoto hawezi kuwekwa rehani kwa deni hilo, vyuma vikaze namna gani.

Wakazi wa Arusha na Moshi hawahitaji kukumbushwa mwaka 2020. Shule zilifungwa 17 Machi kwa sababu ya corona, na madarasa ya mwisho kurudi yalirudi 29 Juni. Wanafunzi walirudi, watalii hawakurudi. Wageni waliofikia takribani milioni 1.5 mwaka 2019 walishuka hadi takribani 620,000. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, waongoza watalii, wapishi wa kambini, madereva wa safari na wauza vinyago walikaa nyumbani wakisubiri msimu ambao haukuja. Mlima usipopandwa, mpagazi hana malipo. Wapo kati yao waliokuwa wamewapeleka watoto wao shule za mchepuo wa Kiingereza kwa kutegemea fedha ya msimu, na hata leo familia nyingi za kaskazini zinasomesha kwa hesabu hiyo hiyo.

Mzazi ambaye msimu umemwangusha amebakiwa na njia moja ya heshima, nayo ni kumhamishia mtoto shule ya Serikali, ambako tangu Januari 2016 hakuna ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Ni uamuzi mchungu, lakini ni uamuzi wa mzazi anayejua uwezo wake. Hapo ndipo anapokutana na ukuta. Uhamisho wa mwanafunzi hupita kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na bila shule anakotoka kutimiza sehemu yake, hauendi popote. Mkuu wa shule akisema deni kwanza, mtoto anabaki hewani: huku hatakiwi, kule hapokelewi. Miezi inakatika. Mtihani wa Taifa wa darasa la nne au la saba unasogea. Elimu ambayo Taifa limemwahidi bila malipo inazuiwa na mtu anayemdai baba yake.

Hatuoni namna yoyote ya kulitetea jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na inazitaja pia taasisi binafsi. Mwenye shule anayedai ana mahakama, tena Mahakama ya Mwanzo iko karibu na kila mji wenye shule. Ana mkataba, ana risiti, anajua mzazi anakoishi. Akimzuia mtoto badala ya kumshitaki mzazi, ni kwa sababu mtoto ni mwepesi kushikwa.

Tunajua mzigo wa wenye shule. Serikali haiwapi ruzuku ya uendeshaji kama inavyozipa shule zake, kwa hiyo mshahara wa mwalimu, mafuta ya gari la shule, mchele wa bweni na rejesho la benki vyote vinatoka kwenye ada. Wapo walimu wa shule binafsi waliokaa mwaka ule wa corona bila mshahara, na hakuna aliyewatangaza. Lakini mzigo huo unampa mwenye shule haki ya kudai. Haumpi haki ya kuadhibu. Anayepandisha ada katika mwaka mgumu awaite wazazi kwanza na aweke mezani mahesabu. Aliyezoea kupokea kwa awamu nne akubali sita, kwa maandishi. Na kama rimu za karatasi, fulana ya michezo na safari ya mafunzo vinaweza kusubiri, vifutwe kwenye fomu mwaka huu.

Wazazi nao wana la kujibu. Yuko anayezima simu kila mhasibu anapopiga, na jioni anakaa kwenye kamati ya harusi akiahidi laki mbili. Yuko anayeacha deni shule moja na kwenda kuanza jingine shule ya pili. Huyo anamwibia mwalimu wa mwanawe, na anamharibia jirani ambaye kweli hana. Mzazi mwenye shida aende shuleni kabla hajaitwa, aseme anachoweza kulipa na lini, kisha akilipe.

Lakini wajibu mkubwa zaidi uko serikalini. Mwaka 2016, Wizara ya Elimu ilipoachana na mpango wa ada elekezi kwa shule binafsi, ililiachia soko upangaji wa bei. Uamuzi huo unaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kumwacha mtoto naye sokoni. Wathibiti ubora wanaofika shuleni kukagua maandalio ya masomo na vyoo waikague pia orodha iliyoko getini. Kauli za viongozi majukwaani kwamba watoto wasirudishwe nyumbani tumezisikia miaka mingi, na orodha bado zipo.

Kamishna wa Elimu atoe waraka wenye meno: mzazi akiomba uhamisho, shule iutoe ndani ya siku saba, deni liwepo lisiwepo, na shule ikikaidi, ofisa elimu wa wilaya apewe mamlaka ya kuukamilisha yeye. Deni lidaiwe kwa mzazi, mahakamani. Waraka huo utoke sasa, kabla muhula haujafika katikati, kwa sababu wapo watoto ambao asubuhi hii wamevaa sare na wamebaki nyumbani.