Geuza Kigari, Usome Tumboni

Naomba nafasi katika ukurasa wetu nijibu kicheko. Kila tunapopita Place du Jeu de Balle, lile soko la vitu vikuukuu la mtaa wa Marolles lililopo pale tangu 1873, tukawakuta wazee wa Kibelgiji wameinamia masanduku ya vigari vya kuchezea, hakosekani mmoja wetu wa kusema: "Hebu watazameni, watu wazima na mvi zao wanagombea michezo ya watoto!" Nasi wengine tunatarajiwa kucheka. Mimi sicheki. Wale wazee wana jambo la kutufundisha, tena wana jambo la kujibu, na yote mawili nitayasema hapa bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Atakayekasirika na aandike.

Mtazame mmoja wao anapookota kigari. Haanzi na paa wala milango. Anakigeuza, anakisogeza machoni, anasoma tumboni. Kama ni Matchbox cha zamani atakuta maneno yamechomoza kwenye chuma, kwamba kimetengenezwa Uingereza na Lesney. Kwa maneno hayo machache anaweza kukusimulia mpaka jua lizame. Lesney ilianzishwa London mwaka 1947 na Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu ingawa jina la ukoo ni moja, na kazi waliianzia katika baa kuukuu iliyoitwa The Rifleman. Mwenzao Jack Odell, fundi wa kalibu, alimtengenezea binti yake kigari cha kushindilia barabara, kidogo mno, kwa sababu shuleni kwao mtoto aliruhusiwa kwenda tu na kichezeo kinachoenea ndani ya kiberiti. Mwaka 1953 vikaanza kuuzwa hivyo, ndani ya viboksi mfano wa viberiti. Mwaka 1982 kampuni ikafilisika, jina likauzwa huku na kule, na tangu 1997 limo mikononi mwa Mattel ya Marekani, walewale wa Hot Wheels ya 1968.

Vigari hivyo vilikaa miaka mingi darini vikiliwa na vumbi. Sasa vimerudi kwa kishindo. Waliokuwa watoto miaka ya 1960 wamestaafu na wana nafasi. Waliokuwa watoto miaka ya 1980 wana mishahara. Mattel wamekwisha kulinusa hilo: wana klabu ya kulipia kwa wakusanyaji wa Hot Wheels, na mwaka 2023 walitoa vigari maalumu vya kuadhimisha miaka 70 ya Matchbox. Kuna kijibasi kimoja cha Volkswagen cha Hot Wheels, cha waridi, sampuli ya 1969 ambayo haikuingia sokoni kwa umbo lile, ambacho thamani yake imetajwa kupita dola 100,000. Kwa bati la kichezeo! Lakini msikimbilie kucheka tena. Bati lile halina bei. Kinachonunuliwa ni habari: watu waliandika kiwanda kipi, mwaka gani, namba ngapi, rangi ilibadilishwa lini na kwa nini. Ondoa maandishi hayo, kinabaki kitu cha kumnyamazisha mtoto garini.

Sasa twende kwetu. Nani kati yetu, hasa wanaume mliokulia Kivu, Katanga, Bujumbura, Kigoma au Kisumu, hakuwahi kuendesha gari la waya? Wengine mlilisuka, wengine mliazima mkaangaliwa kwa jicho kali na mwenye mali. Sisi wa Bukavu twaliita motokari, Wakenya husema motokaa, na kule Malawi ni galimoto, hata mwandishi mmoja Mmarekani, Karen Lynn Williams, akalitungia kitabu cha watoto mwaka 1990 kwa jina hilohilo. Waya wa uzio au wa kufungia nondo ndio mifupa. Bodi ni makopo ya maziwa yaliyokatwa na kunyooshwa kwa jiwe. Magurudumu ni soli za kandambili zilizokwisha, au vifuniko viwili vya kopo vilivyobanwa pamoja na kuvishwa mpira wa baiskeli. Taa ni vizibo vya soda. Halafu kile kijiti kirefu kinachopanda kutoka ekseli ya mbele mpaka kiunoni kwa dereva, kikiishia na usukani wa duara, nawe unakimbia nyuma huku mdomo ndio injini.

Usukani ule ulikuwa unafanya kazi. Ukikata kulia, magurudumu yanakata kulia. Vile vigari vya mwanzo vya Matchbox vinavyowatoa watu jasho pale sokoni vilikwenda mbele na nyuma tu, basi. Mtoto wa miaka kumi asiye na koleo, anayekata waya kwa kuukunja na kuukunjua mpaka uvunjike, alitatua jambo ambalo kiwanda kile cha London kilianza bila kuligusa. Na hakuwa akitengeneza gari lolote tu. Alitengeneza lile lililopita barabarani kwao: Land Rover ya misheni, basi lenye carrier juu, lori la bia, na baada ya 1999, jeep nyeupe za Umoja wa Mataifa na antena zake ndefu zilizopinda. Aliyetaka kujua nani alipita Kivu miaka ile angeweza kuanza kwa kutazama magari ya waya ya watoto.

Haya, magari hayo yako wapi hapa Brussels? Yapo. Yapo kwenye meza za mitumba, yapo katika maduka ya vitu vya kale upande wa Sablon, yapo juu ya makabati sebuleni kwa watu waliofanya kazi kwetu wakarudi nayo. Muulize muuzaji: gari hili limetoka wapi? Atakujibu, "Afrika." Akijitahidi sana, "Kongo." Nani alilitengeneza? Atainua mabega. Na yule yule mzee anayeweza kubishana nusu saa nzima kuhusu kijani cha lori la Dinky, kama ni kile cha kabla ya vita au baada yake, atalinunua gari la waya, atalitia mfukoni, ataondoka bila kuuliza hata swali moja. Huo ndio ugomvi wangu naye. Simwiti mbaguzi, huenda ni mtu mwema anayewapenda wajukuu zake. Nasema kwamba anajua kuuliza, na pale ameamua kutouliza.

Tena si kwamba bara letu halimo katika makabati yao. Limo, ila tazama limeingiaje. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa Volkswagen ya mashindano ya East African Safari, kigari kizuri kabisa, na ndani ya boksi wakatia kifaru. Mwaka 1965 mshindi wa Safari alikuwa Joginder Singh wa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo, na Joginder akashinda tena 1974 na 1976. Kifaru alipata nafasi ndani ya boksi la Corgi.

Na kuna ile Ford T ya Tintin. Hapa ni kwao, Hergé alizaliwa Etterbeek mwaka 1907, kwa hiyo vigari vya Tintin wanavikusanya kwa mapenzi makubwa, na Ford ya Kongo haikosi katika mkusanyo. Wasiosoma kitabu kile niwakumbushe gari hilo linafanya nini. Linakwama relini, treni ya Wakongo inaligonga, gari halipati mkwaruzo na treni ndiyo inayopinduka. Kisha Tintin anawafokea wenye treni yao wafanye kazi. Mkongo mwenzetu Bienvenu Mbutu Mondondo alikipeleka kitabu hicho mahakamani hapa Brussels mwaka 2007. Februari 2012 mahakama ikamkatalia, na rufaa nayo ikakataliwa mwaka huohuo. Sawa, mahakama imesema yake. Ila nikiona Ford hiyo ndani ya kioo, ina cheti na namba, na kando yake lori la waya la mtoto wa Kikongo halina hata kikaratasi, siwezi kunyamaza.

Lakini ngoja, nisije nikawaacha watu wangu wakipiga makofi. Kikaratasi hicho nani alikuwa akiandike? Mzee wa Marolles? Hata kidogo. Tunapofanya sherehe zetu tunaleta pilau, sambusa, vitenge na ngoma mpaka majirani wanapiga simu polisi. Gari la waya halijapata hata meza. Nilipompa wazo hilo mama mmoja wa chama chetu aliniambia: "Kaka, nimetoka kote kule nimlete mwanangu Ulaya, halafu nimwonyeshe waya wa umaskini?" Mtoto wake amezaliwa Anderlecht, ana sanduku zima la Hot Wheels za dukani. Mama yangu, nakuheshimu, lakini Lesney walianzia ndani ya baa iliyokuwa gofu, wakitafuta riziki baada ya vita, na hakuna Mwingereza anayesema ule ni umaskini. Wanauita historia ya ufundi, na wanautoza kiingilio.

Wapo wanaonijia kwa hoja nzito zaidi. Wanasema gari la waya halikukusudiwa kudumu: linasukwa likizo, linachezewa, linavunjika, waya wake unaingia katika gari jingine, na kulifungia kabatini ni kuliua. Nakubali kabisa. Mimi nami sitaki kioo. Gari na livunjike, waya na urudi kazini. Jina la aliyelisuka ndilo nisilotaka livunjike pamoja nalo. Sisi tuliosimama Porte de Namur tarehe 30 Juni 2018, siku jina la Lumumba lilipowekwa pale baada ya kudaiwa kwa miaka na miaka, ndio tunaotaka kuambiwa kwamba jina ni jambo dogo?

Na mafundi wenyewe hawako mbali. Wamo humuhumu mjini. Wanaendesha mabasi, wanasafisha ofisi za wakubwa kabla ya alfajiri, wengine ni madaktari na wanasheria wanaoona haya kusema. Wana miaka hamsini, sitini. Waulizwe sasa: ulisuka gari gani, waya uliutoa wapi (hata kama uliuiba uzioni kwa jirani, ameshasamehe), nani alikufundisha, na kile kiungo kinachoshika kijiti cha usukani kwenye ekseli mlikiita nini mtaani kwenu? Swali la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mtoto akiuliza kwa Kifaransa atajibiwa kwa Kifaransa, na maneno yale ya Kiswahili cha mafundi wa miaka kumi hayamo katika kamusi yoyote niliyoishika.

Naomba wahariri watupe safu moja kila toleo, mistari mitano tu kwa kila mtu. Naanza mimi. Lori la bia la Bralima. Kadutu, Bukavu, likizo ya 1983. Waya wa uzio, makopo ya maziwa, taa za vizibo vya Primus. Nilifundishwa na kaka yangu mkubwa, naye alifundishwa na mtoto wa fundi baiskeli. Kile kiungo tulikiita "shingo". Nani anafuata?