AFYA YA JAMAA: Alama ya + kwa karatasi ya labo

Jambo hili linasumbua nyumba nyingi. Bwana anarudi toka machimbo ya Kalima ao Namoya, anakuta karatasi ya labo ya bibi mwenye mimba. Imeandikwa: VDRL +. Mara moja anasema: «Umeniletea sifilisi!» Bibi naye: «Ni wewe, kule machimbo!» Ndoa inataka kufa. Tuelewe kwanza alama hiyo inasema nini.

Katika damu yetu muko askari wanaopigana na mikrobe. Lakini pengine wanageuka na kupiga watu wa nyumba yao wenyewe. Ndiyo magonjwa kama lupus: viungo vinauma, ngozi ya uso inaharibika, figo zinachoka. Labo inaweza kutafuta askari hao waasi. Kipimo kimoja kinaitwa ANA. Lakini ANA + peke yake haitoshi: karibu mtu 1 kati ya 20 wazima anaweza kuwa nayo.

Sasa, VDRL haitafute mikrobe ya sifilisi yenyewe. Inatumia mafuta yaliyotolewa katika moyo wa ngombe. Askari wa mtu wa sifilisi wanakamata mafuta hayo. Askari waasi wa lupus wanayakamata vilevile, na hata malaria inaweza kuleta + kwa muda. Waganga Moore na Mohr wa Marekani waliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1952.

Basi mufanye hivi:

1. Bibi na bwana mupimwe wote wawili.

2. Muombe kipimo cha TPHA, kinachotafuta askari wa mikrobe yenyewe. VDRL + na TPHA –: inaelekea si sifilisi.

3. Mama mwenye mimba asikatae penisilini wakati anangojea jibu. Sifilisi inaua mtoto tumboni.

4. VDRL ikibaki + zaidi ya miezi 6, TPHA ikiwa –, na mimba zinatoka mara kwa mara ao damu inaganda katika mguu, mwambieni munganga. Graham Hughes wa London alieleza ugonjwa huo mwaka wa 1983. Mama wengi wanazaa vizuri kwa aspirini kidogo na sindano za heparini.

Na kama vyote viwili ni +? Hata hapo karatasi haionyeshe nani alileta ugonjwa, wala mwaka gani. TPHA inaweza kubaki + maisha yote, hata mtu akiisha kupona, na buba ya utotoni inaleta + pia.

Kwa hiyo bwana, usifukuze bibi. Bibi, usikimbie kwenu. Kamateni karatasi, murudi pamoja kwa munganga, mumuulize.